Mbunge Anapomhoji Waziri Kuhusu Fedha za Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, Bunge la Bajeti linapoanza Dodoma mwezi wa Aprili, wananchi wengi huuliza maswali yanayofanana: mbunge wetu amemuuliza Waziri, Waziri amejibu, je, sasa tunasubiri nini? Majibu yaliyo hapa chini yanahusu Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kuelewa kinachotokea baina ya swali na fedha zenyewe, kwa sababu hapo katikati ndipo mambo mengi hupotea.

Mbunge anapata wapi mamlaka ya kumuuliza Waziri habari za fedha?

Anayapata katika Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 63(2) inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na ibara ndogo ya tatu inaanza kwa kulipa uwezo wa kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara za 135 hadi 137 zinaeleza Mfuko Mkuu wa Hazina, masharti ya kutoa fedha humo na utaratibu wa kuidhinisha makadirio ya matumizi. Kwa hiyo mbunge anayesimama kuuliza shilingi fulani imekwenda wapi haombi hisani ya Serikali, kwa kuwa fedha hizo zilitoka Hazina kwa idhini ya Bunge lenyewe, na aliyetoa idhini ana haki ya kujua matokeo yake. Ibara ya 100 inamlinda asishtakiwe mahakamani kwa alilolisema katika shughuli za Bunge.

Maswali haya huulizwa lini, na kwa utaratibu gani?

Kipindi cha maswali huwa asubuhi, mara baada ya kikao kufunguliwa saa tatu. Swali la msingi huwasilishwa mapema kwa maandishi kupitia kwa Katibu wa Bunge, hupelekwa katika wizara inayohusika, na jibu lake huandaliwa na watendaji kabla ya kusomwa ukumbini na Waziri au, kama ilivyo mara nyingi, Naibu Waziri. Baada ya jibu hilo mbunge aliyeuliza hupewa nafasi ya maswali ya nyongeza, na wabunge wengine wachache huweza kuruhusiwa na Spika kuuliza yao. Siku ya Alhamisi hutengwa muda wa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ambayo hayatolewi taarifa mapema.

Swali la nyongeza ndilo hasa linalopima. Jibu la swali la msingi limeandikwa na wataalamu wa wizara na kupitiwa na watu kadhaa. Swali la nyongeza linamkuta Waziri akiwa na kumbukumbu zake mwenyewe na vikaratasi vichache alivyopelekewa na maofisa wake. Mbunge anayeitumia nafasi hiyo kuishukuru Serikali na kuomba gari la wagonjwa kwa ajili ya kata nyingine amepoteza dakika ambayo wapiga kura wake hawataipata tena kwa miezi kadhaa.

Kwa nini jibu la Waziri huweza kuwa la kweli na bado lisitueleze kitu?

Kwa sababu ya vitenzi vitatu ambavyo masikio yetu huvichanganya: kutengwa, kutolewa na kutumika. Waziri anaposema kwamba katika mwaka huu wa fedha Serikali imetenga shilingi milioni mia tano kwa ajili ya kituo cha afya, anasema kwamba kiasi hicho kimeandikwa katika kitabu cha bajeti na Bunge limekiidhinisha. Hajasema kwamba fedha hizo zimetoka Hazina. Na hata zikishatoka zikaingia katika akaunti ya halmashauri, bado hajasema kwamba zimelipwa kwa fundi, wala kwamba fundi amejenga.

Umbali kati ya neno la kwanza na la pili una chanzo chake. Tangu katikati ya miaka ya 1990 nchi yetu imekuwa ikiendesha bajeti kwa fedha taslimu, maana yake ni kwamba Hazina hutoa fedha kwa kadiri makusanyo na mikopo inavyoingia, na mapato yakipungua mishahara na deni la Taifa hulipwa kwanza, huku miradi ya maendeleo ikisubiri. Hilo linaeleweka kwa nchi inayojaribu kutotumia isichokuwa nacho. Lisiloeleweka ni Waziri kuja bungeni mwaka hadi mwaka na sentensi ileile, kwamba ujenzi utakamilika kadiri fedha zitakavyopatikana, bila kusema ni kiasi gani kilipatikana mwaka uliopita na kwa nini mradi huu ulikaa nyuma ya mingine.

Mbunge anayeyajua haya haulizi "ni lini Serikali itajenga". Anauliza: katika fedha zilizoidhinishwa kwa mradi huu mwaka wa fedha uliopita, ni kiasi gani kilitolewa na Hazina hadi tarehe 30 Juni, kilipokelewa tarehe ngapi, na kiasi gani kilikuwa hakijatumika mwaka ulipofungwa? Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa mchakato, upembuzi yakinifu wala nia njema. Linajibiwa kwa tarakimu na tarehe, na kama tarakimu hazipo, kutokuwepo kwake nako kumeandikwa katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo wengi tunaziita Hansard.

Sitachoka kulisisitiza hili. Nimesoma kurasa nyingi za Hansard, na kinachosikitisha zaidi ya majibu dhaifu ni maswali yaliyoulizwa kwa namna inayoyaalika majibu hayo.

"Kushika shilingi" maana yake nini?

Wizara inapowasilisha makadirio yake, mjadala wa jumla hufuatiwa na Kamati ya Matumizi, ambapo Bunge zima hukaa kama kamati na kupitia fungu la wizara, yaani sehemu yake ya bajeti, kifungu kwa kifungu. Linapofikiwa kifungu chenye mshahara wa Waziri, mbunge anaweza kusimama kutaka ufafanuzi wa jambo la kisera, na asiporidhika hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara huo. Hiyo ndiyo kushika shilingi. Shilingi yenyewe haina uzito, lakini hoja hiyo ikiungwa mkono na wabunge hujadiliwa papo hapo, Waziri hulazimika kusimama tena, na safari hii anajua kwamba mwisho wake unaweza kuwa kura.

Mara nyingi Waziri hutoa ahadi, mbunge husema ameridhika, akairudisha shilingi. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa maigizo. Mimi siafiki, kwa sharti moja: ahadi iliyoirudisha shilingi lazima iwe na muda na kiasi. Ahadi ya kwamba Waziri atakaa na Mheshimiwa Mbunge nje ya ukumbi walizungumze haimfungi mtu, kwa kuwa mazungumzo ya nje ya ukumbi hayana Hansard.

Ifahamike pia kwamba muda uliopangwa kwa wizara ukiisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila kuhojiwa kimoja kimoja. Wabunge wenyewe huiita njia hii gilotini. Mabilioni ya shilingi hupita kwa njia hiyo kila mwaka. Mbunge makini hujipanga mapema na wenzake ili dakika chache zilizopo ziende kwenye vifungu vyenye mashaka, badala ya kila mmoja kusimama na barabara ya jimboni kwake.

Je, mbunge anaweza kuongeza fedha katika bajeti?

Hawezi peke yake. Ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia jambo la kuongeza kodi au kuongeza malipo kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa Rais amependekeza kupitia kwa Waziri. Lililo wazi kwa mbunge ni kupunguza. Ndiyo maana kazi kubwa ya ushawishi hufanyika mapema, katika kamati za kisekta na Kamati ya Bajeti, wakati Serikali bado inaweza kukubali kurekebisha mapendekezo yake. Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 iliipa hatua hiyo msingi wa kisheria.

Fedha zikipotea, anayewajibika ni Waziri au Katibu Mkuu?

Wote wawili, lakini mbele ya vikao tofauti. Mwenye dhamana ya kisheria juu ya fedha za fungu ni Afisa Masuuli, ambaye wizarani ni Katibu Mkuu na katika halmashauri ni Mkurugenzi. Yeye ndiye anayeidhinisha malipo na ndiye anayeitwa mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali, inayojulikana zaidi kama PAC, au ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC. Waziri hujibu ukumbini kwa niaba ya Serikali, na uwajibikaji wake ni wa kisiasa.

Mgawanyo huu una busara, ila una mwanya. Waziri anaweza kusema kwamba malipo ni kazi ya watendaji, na mtendaji akasema kwamba alitekeleza maelekezo. Dawa yake ni hati: kamati ina uwezo wa kuita mashahidi na kudai nyaraka, na maelekezo yaliyoandikwa yana saini ya mtu. Kwa desturi ambayo mabunge mengi ya Jumuiya ya Madola huifuata, uenyekiti wa PAC hupewa mbunge wa upinzani. John Cheyo, Zitto Kabwe na Naghenjwa Kaboyoka wamewahi kuishika nafasi hiyo. Desturi hiyo inalindwa na idadi ya wabunge wa upinzani waliopo, na wakipungua mno inabaki jina tu.

Taarifa ya CAG inaingia wapi?

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa kifupi CAG, anatambuliwa na Ibara ya 143. Hukagua hesabu za mwaka ulioishia tarehe 30 Juni na kuwasilisha taarifa kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi, yaani miezi tisa baadaye. Kisha Rais huagiza iwasilishwe katika kikao cha kwanza cha Bunge kinachofuata, kabla ya siku saba kupita tangu kikao hicho kuanza. Kwa mbunge, taarifa hiyo ni ghala la maswali yaliyokwisha kufanyiwa utafiti.

Mfano mzuri ni wa Aprili 2018. Zitto Kabwe alichukua taarifa ya mwaka wa fedha 2016/17, akaweka kando kwa kando jumla ya mapato yaliyokusanywa na jumla ya fedha zilizotolewa kwa matumizi, akaonyesha kwamba kuna tofauti ya takriban shilingi trilioni 1.5 na kutaka ielezwe. Serikali ilijibu bungeni kwamba tofauti hiyo ilitokana na namna ya kuandika hesabu, wala si fedha zilizopotea. Msomaji anaweza kuegemea upande wowote, lakini atazame jinsi swali lilivyojengwa: namba mbili kutoka kitabu kimoja cha mkaguzi, kutoa, na kuuliza. Nchi nzima ililielewa.

Udhaifu wa utaratibu huu uko kwenye muda. Fedha iliyotumika vibaya Agosti inaweza kujadiliwa na Bunge zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye, wakati Mkurugenzi amehamishwa, mhasibu amestaafu na mkandarasi amefunga ofisi. Hoja ya ukaguzi hufungwa kwa stakabadhi iliyopatikana, au hubaki wazi mwaka baada ya mwaka.

Wizara ikipata hati safi, ina maana hakuna wizi?

Hapana. Hati inayoridhisha, yaani hiyo hati safi ambayo CAG hutoa baada ya ukaguzi, inasema kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi kwa kiwango cha kuaminika. Ununuzi wa bei ya juu kupita kiasi, ukiandikwa vizuri vitabuni, unaweza kukaa ndani ya hesabu zenye hati safi. Waziri anapojitetea kwa kutaja hati, mbunge na amrudishe kwenye aya ya taarifa inayoutaja mradi wenyewe.

Je, kuhoji kumewahi kumwondoa Waziri madarakani?

Ndiyo, zaidi ya mara moja, na kila tukio lina somo lake.

Mwaka 2006 ukame ulipokausha mabwawa, Serikali iliingia mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni ya Richmond, ambayo ilishindwa kuutekeleza. Bunge, chini ya Spika Samuel Sitta, liliunda Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yake iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu huku akikana tuhuma, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, na Rais Jakaya Kikwete akavunja Baraza la Mawaziri.

Mwaka 2012 mjadala wa taarifa za CAG ulipamba moto hadi Zitto Kabwe akakusanya saini za wabunge zaidi ya 70, baadhi yao wa chama tawala, kwa ajili ya hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Ibara ya 53A inataka saini za asilimia 20 ya wabunge na taarifa ya siku 14, na Spika Anne Makinda alieleza kwamba muda haukutosha. Hoja haikusomwa. Hata hivyo, mwanzoni mwa Mei Rais alipanga upya Baraza lake na mawaziri sita wakaachwa, akiwemo wa Fedha.

Kisha likaja suala la Escrow, ambalo kwangu ndilo lenye mafunzo mengi kuliko yote. Zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimewekwa katika akaunti maalumu Benki Kuu kutokana na mgogoro wa TANESCO na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, juu ya gharama za umeme, na mwishoni mwa 2013 zikatolewa. David Kafulila, wakati huo mbunge wa Kigoma Kusini, alilishikilia jambo hilo bungeni. Hoja kuu ya Serikali haikuwa kwamba fedha hazikutoka. Ilikuwa kwamba hazikuwa fedha za umma. Mjadala mzima ukageuka kuwa swali moja la msingi: ikiwa TANESCO imelipa kwa ankara inayobishaniwa, na kiasi halali hakijakokotolewa, sehemu iliyozidi ni ya nani? PAC, baada ya ukaguzi wa CAG, ilisema humo mlikuwa na fedha ya umma, na Novemba 2014 Bunge lilipitisha maazimio. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu Desemba, Rais akamwondoa Waziri Anna Tibaijuka mwezi huohuo, na Waziri wa Nishati na Madini Sospeter Muhongo akajiuzulu Januari 2015. Muhongo alirudi wizarani mwishoni mwa mwaka huohuo chini ya Rais John Magufuli, jambo linalotukumbusha kwamba kujiuzulu kwa Waziri ni hatua ya kisiasa, na hakufanani na hukumu ya mahakama.

Swali lililokataliwa ukumbini ndiyo limekufa?

Si lazima. Agosti 2007 Zitto Kabwe alitaka kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, uliosainiwa London wakati mikataba ya madini ikiwa katika mapitio. Bunge liliikataa hoja na kumsimamisha yeye mwenyewe. Kabla ya mwaka kwisha Rais aliunda Kamati ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, na aliyesimamishwa akawa miongoni mwa wajumbe wake. Sheria ya Madini ya 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, ukikokotolewa kwa thamani ghafi.

Mbunge akiamini kwamba Waziri amelidanganya Bunge, afanye nini?

Anatakiwa kuwasilisha ushahidi kwa Spika na kusubiri uamuzi. Njia hiyo ni nyembamba. Juni 2024 Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa kwa tiketi ya CCM, alimtuhumu Waziri wa Kilimo kusema uongo kuhusu vibali vya kuagiza sukari. Aliwasilisha ushahidi, lakini pia akauzungumza mbele ya waandishi wa habari kabla Spika hajaamua, na Bunge likamsimamisha vikao 15. Ninaelewa haja ya nidhamu. Lakini adhabu ikiisha kutolewa, tuhuma ya awali nayo inadai kujibiwa kwa kina kilekile, kwa kuwa mwananchi aliyenunua sukari kwa bei kubwa bado anasubiri kujua vibali vilitolewaje.

Mbunge wa chama tawala anaweza kuikataa bajeti?

Kikatiba anaweza, kura ya mwisho hupigwa kwa kuitwa jina, na kila mmoja hujibu kwa sauti. Ila Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa bajeti ya Serikali, na hakuna mbunge anayelisahau hilo. Ndiyo maana nguvu yao halisi iko katika maswali, kamati na shilingi, kabla ya siku ya kura.

Zanzibar na Kenya wanafanyaje?

Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi na Mdhibiti wake, vinavyohoji fedha za Serikali ya Mapinduzi. Mambo ya Muungano huulizwa Dodoma. Kenya, kwa Katiba ya 2010, Mawaziri si wabunge. Kwa takriban miaka kumi walijibu katika kamati, na tangu 2023 wamekuwa wakiitwa ukumbini kujibu maswali.

Mwananchi anaweza kumsaidiaje mbunge wake kuuliza vizuri?

Kwa kumpelekea taarifa badala ya malalamiko. Barua inayosema "zahanati yetu imetelekezwa" itazaa swali la jumla na jibu la jumla. Barua inayotaja kijiji, mwaka wa fedha, kiasi kilichosomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, tarehe ambayo mafundi waliondoka na hatua ambayo jengo limefikia, pamoja na picha, humwezesha mbunge kuandika swali lisilokwepeka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa hizo kwa maandishi kutoka ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Tangu matangazo ya moja kwa moja ya televisheni ya Taifa yalipopunguzwa mwaka 2016, si kila mtu huona kikao chote, lakini Hansard na majibu ya maswali huwekwa katika tovuti ya Bunge, na taarifa za ukaguzi katika tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi.

Jibu likishatolewa, lichapishwe na lipelekwe katika kikao cha kijiji au cha mtaa, lisomwe mbele ya mtendaji na diwani, kisha watu waende pamoja kwenye jengo lenyewe kuangalia kama bati alilolitaja Waziri liko juu ya paa.